Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Deni la Mtu Aliyesoma



Kijana akimaliza shule ya sekondari na kufaulu, jamaa yote hukusanyika. Baba yupo, mama yupo, wajomba na mashangazi wamefika, hata jirani amekuja kusikiliza. Swali ni moja: je, mtoto aende chuo kikuu au asiende? Baba ahesabu gharama. Mjomba ahesabu mshahara utakaopatikana baadaye. Lakini bibi mzee aketiye pembeni ana swali lake mwenyewe, naye hulisema polepole: «Mtoto huyu akiisha kusoma sana, atatujua bado?»

Swali hilo si la mtu mjinga. Wengi wameliona kwa macho yao: kijana aliondoka na sanduku lililonunuliwa kwa mbuzi wa baba yake, akarudi bwana mkubwa asiyetaka tena kuketi mekoni kwa mama yake. Basi leo twataka kulitafakari swali la bibi kwa kuwaeleza habari za chuo kikuu kimoja cha serikali, kilicho ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya jirani zetu. Ndicho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tumekichagua chuo hicho kwa sababu tatu. Ya kwanza, wenye chuo hicho husema Kiswahili, lugha yetu sisi pia. Ya pili, kilijengwa na nchi iliyokuwa maskini, kwa kodi za wakulima wa pamba, kahawa na katani. Ya tatu, huko swali la bibi liliulizwa waziwazi, mchana, mbele ya mkuu wa nchi, na jibu lake lilikuwa kali.

CHUO KIKUU NI KITU GANI?

Watoto wa shule wafahamu kwanza tofauti iliyopo. Katika shule za chini mwalimu hufundisha mambo yanayojulikana tayari: hesabu, historia, sarufi. Katika chuo kikuu hufundisha hayo kwa undani zaidi, lakini ana kazi ya pili pia, nayo ni kutafuta mambo yasiyojulikana bado. Mtaalamu wa mimea huchunguza ugonjwa wa mihogo. Mwanahistoria huwauliza wazee habari za kale na kulinganisha maneno yao na maandiko. Mtaalamu wa lugha hukusanya maneno kijijini. Kazi hiyo ya kutafuta yaitwa utafiti. Mahali pasipo na utafiti si chuo kikuu, hata kama majengo yake ni marefu. Ni shule tu yenye jina kubwa.

Tena twasema chuo cha umma, maana yake chuo cha watu wote. Hakikujengwa na tajiri mmoja ili apate faida. Kimejengwa kwa fedha za serikali, na fedha za serikali hutoka mfukoni mwa watu. Jambo hili dogo ndilo mzizi wa habari yote tutakayoisimulia.

WANAFUNZI 14 KATIKA NYUMBA YA KUAZIMA

Kabla ya uhuru, kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu ilimlazimu kutoka kwao. Wengi walikwenda Makerere, katika nchi ya Uganda. Bwana Julius Nyerere, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo, alisoma huko toka mwaka 1943 mpaka 1945, akawa mwalimu katika shule za Kikatoliki za Tabora na baadaye Pugu, na katikati ya kazi hizo akaenda kusoma Edinburgh, katika Uingereza. Ndiyo sababu watu walimwita Mwalimu mpaka kufa kwake mwaka 1999.

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na siku chache tu kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kilifunguliwa mjini Dar es Salaam. Wanafunzi walikuwa 14, na kati yao mwanamke mmoja peke yake. Somo lilikuwa moja, nalo ni sheria. Chuo hakikuwa na nyumba yake. Kiliazima nyumba ya chama cha TANU, katika mtaa ambao leo waitwa Lumumba, kwa heshima ya Waziri Mkuu wetu aliyeuawa mwezi Januari mwaka huo huo. Hivyo jina la mwana wa Kongo lasomeka mpaka leo mahali pale elimu ya juu ya Tanzania ilipozaliwa.

Kwa nini walianza na sheria, wala si uganga au kilimo? Kwa sababu katika Afrika ya Mashariki yote hapakuwa na kitivo cha sheria, yaani kile ambacho sisi twakiita fakulte. Na nchi inayopata uhuru yahitaji mahakimu wake, mawakili wake, na watu wa kuziandika sheria zake. Digrii za kwanza zilitolewa kwa jina la Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 vyuo vitatu, yaani Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki.

Hapa msomaji wa Kongo aweza kusema: «Lakini kwetu vyuo vikuu vilitangulia!» Ni kweli. Lovanium kilianza kule Léopoldville mwaka 1954, na chuo cha serikali kule Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kilifunguliwa mwaka 1956. Lakini tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wetu, Wakongo waliokwisha kupata digrii ya chuo kikuu walikuwa wachache mno. Hesabu zinazotajwa mara nyingi hazifiki hata thelathini, katika nchi ya mamilioni ya watu. Kumbe nyumba ya masomo si kitu, kama mlango wake ulichelewa kufunguliwa.

KUPANDA MLIMANI

Mwaka 1964 chuo kilihama mjini, kikapanda kwenye kilima kilicho yapata kilomita 13 toka katikati ya Dar es Salaam, upande wa magharibi. Tangu siku hizo watu hukiita Mlimani tu. Konda wa basi akitangaza «Chuo! Mlimani!», kila abiria ajua aendako.

Vitivo viliongezeka kimoja kimoja. Mwaka 1964 ulianza ule wa elimu ya jamii, 1965 sayansi, 1968 uganga, kisha kilimo huko Morogoro, na mwaka 1973 uhandisi, yaani elimu ya mitambo, madaraja na umeme. Tarehe 1 Julai 1970 muungano wa vyuo vitatu ulivunjwa kwa amani, na Dar es Salaam kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Rais Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo wa kwanza, na Bwana Pius Msekwa akawa Makamu wa Mkuu wa Chuo. Huyo ndiye asimamiaye kazi za kila siku, kama rekta wa kwetu.

Baadaye mti huu ulitoa vichipukizi. Kitivo cha kilimo kule Morogoro kiligeuka Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Kile cha uganga kikawa Chuo Kikuu cha Muhimbili mwaka 2007. Vyuo viwili vya kulea walimu, kimoja Dar es Salaam na kingine Mkwawa, Iringa, vilianza mwaka 2005 chini ya mama yao. Wanafunzi waliokuwa 14 leo wahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Neno la chuo, lililoandikwa katika nembo yake, ni hili: Hekima ni Uhuru. Msomaji alitunze moyoni, kwani tutalirudia.

SIKU WANAFUNZI WALIPOKWENDA IKULU

Sasa twafika penye kisa chenyewe. Mwaka 1966 serikali ilitoa amri mpya. Kila kijana aliyemaliza kidato cha sita au chuo kikuu ilimpasa kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda wa miaka miwili. Kwanza angekaa miezi michache kambini, akilima, akijenga, akijifunza ulinzi. Kisha angefanya kazi ya elimu yake kwa miezi 18, lakini angepokea sehemu 40 tu kwa mia za mshahara. Sehemu 60 zingebaki serikalini.

Wanafunzi wengi walikasirika. Walisema: «Mawaziri na wakubwa wakaa katika nyumba nzuri, wapanda motokaa, wapata mishahara mikubwa. Kwa nini sisi peke yetu ndio tujinyime?» Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu, nyumba ya rais, wakibeba mabango. Baadhi ya mabango hayo yalidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni.

Mwalimu aliwapokea, akawasikiliza mpaka mwisho, na mawaziri wake wakiwapo. Ndipo aliponena. Juu ya mishahara mikubwa alikubali kwamba wanafunzi hawakukosea, wala hakutafuta udhuru. Pale pale alitangaza kwamba mshahara wake mwenyewe wapunguzwa kwa sehemu 20 kwa mia. Lakini juu ya utumishi hakulegeza hata kidogo. Aliamuru wanafunzi hao warudishwe makwao. Karibu vijana 400 walifungasha mizigo, wakapelekwa kwa wazazi wao vijijini. Wengi wao walisamehewa na kurudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Kwa nini rais alikuwa mkali hivyo? Yeye mwenyewe alikuwa na mfano aliozoea kuutoa. Kijiji kimeshikwa na njaa, alisema. Chakula kilichobaki ni kidogo sana. Wanakijiji wakusanya chakula chote, wampa mtu mmoja mwenye nguvu, ili apate kwenda mbali na kuwaletea wote chakula. Mtu huyo akila, akashiba, kisha asirudi, yeye ni nani? Ni msaliti. Ndivyo alivyo msomi wa nchi maskini asiyewarudia waliomlisha.

Tukitafakari kisa hiki, haifai kuwatukana wale vijana. Walisema kweli moja, nayo ni kwamba mkubwa asidai sadaka kwa mdogo ikiwa yeye mwenyewe hatoi kitu. Tena walikuwa wageni katika jambo lile. Hakuna aliyewaeleza tangu mwanzo kwamba kitabu wakisomacho kimelipiwa na mkulima asiyejua kusoma. Miezi michache baadaye, Februari 1967, lilitoka Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kujilimbikizia mali. Na mwezi Machi rais aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, yaani elimu isiyomtenga mtoto na jembe la baba yake. Wengi husema kwamba mambo ya siku ile ya Ikulu yalimfanya Mwalimu aharakishe fikira hizo.

Tena tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Mwezi Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana mara nyingine. Safari hii hawakujidai chochote kwa ajili yao wenyewe. Walipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri, wabunge na wakubwa wengine. Yaani somo walilopewa mwaka 1966 walikuwa wamelifahamu vizuri, nao wakalirudisha kwa waalimu wao! Lakini polisi waliwazuia, na wengi wakafukuzwa chuoni kwa muda. Ni rahisi kumfundisha mtu kusema kweli. Ni vigumu kuisikia kweli hiyo inapokuja kubisha hodi nyumbani kwako.

JINSI WANAVYOSOMA

Kijana aingiapo Mlimani hukuta mwaka umegawanywa katika vipindi viwili, na kila kipindi huishia kwa mtihani. Digrii ya kwanza huchukua miaka 3 kwa masomo mengi, na miaka 4 kwa sheria na uhandisi. Juu yake yafuata shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu, ambayo ni udaktari wa elimu. Siku hizi vitivo vingi vimegeuka kuitwa Ndaki na Shule Kuu, lakini kazi ni ile ile.

Asubuhi mhadhiri husimama mbele ya mamia ya wanafunzi katika madarasa makubwa yaitwayo Yombo. Husema, nao huandika. Baadaye hugawanyika katika semina, watu wachache wachache, na hapo ndipo kila mmoja hulazimika kufungua kinywa chake. Katika semina haitoshi kujibu «Ndivyo kitabu kisemavyo.» Mwalimu atauliza: «Na wewe, waonaje? Una ushahidi gani?» Kijana aliyezoea kukariri huona taabu sana mwaka wa kwanza. Kazi za mwaka huhesabiwa sehemu 40 kwa mia, na mtihani wa mwisho sehemu 60. Basi anayelala miezi mitatu na kuamka wiki ya mwisho hana tumaini kubwa.

Wanafunzi wana lugha yao wenyewe, nasi twawaeleza ili mzazi asishangae akiisikia. Makaratasi ya masomo yanayonakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono huitwa «madesa». Fedha ya kujikimu itolewayo na serikali huitwa «bumu», na siku inapofika, hata maduka ya jirani huchangamka. Mwenye kitanda bwenini akimkaribisha mwenzake asiye na kitanda, wakalala wawili, jambo hilo huitwa «kubebana». Na neno liogopwalo kuliko yote ni «kudisko», maana yake kushindwa mitihani na kuondolewa chuoni.

Likizo ndefu si ya kulala. Wanafunzi wengi hupelekwa kufanya mafunzo kwa vitendo: mwalimu wa kesho aenda kufundisha darasani, mhandisi aenda kiwandani, mwanasheria aenda mahakamani. Huko ndiko wengi hutambua kwamba mambo ya kitabu na mambo ya watu hayafanani kila siku.

Maktaba ndiyo moyo wa chuo. Mwaka 2018 ilifunguliwa maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000 kwa mara moja. Na ukumbi mashuhuri ni ule uitwao Nkrumah. Picha ya ukumbi huo ilichapwa nyuma ya noti ya shilingi 500, kabla ya serikali kutoa sarafu ya thamani hiyo mwaka 2014. Ilikuwa noti ndogo kuliko zote. Hivyo mama auzaye nyanya sokoni, ambaye hakuwahi kufika Mlimani, aliifunga picha ya chuo katika pindo la kanga yake kila siku. Nasi twaona ilikuwa haki, kwa kuwa yeye pia ni mmoja wa wenye chuo.

KAZI YA LUGHA YETU

Katika mambo yote ya chuo hiki, moja latuhusu sisi Wakongo kuliko mengine. Tangu mwaka 1964 kulikuwa huko Taasisi ya kuchunguza Kiswahili. Ilirithi kazi ya halmashauri iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa kusanifu lugha. Mwaka 1981 Taasisi hiyo ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kitabu ambacho hata sisi huku twaweza kukifungua tunapobishana juu ya neno. Mwaka 1970 ilianzishwa pia Idara ya Kiswahili, ambamo lugha hufundishwa kwa lugha yenyewe, jambo lililokuwa geni katika vyuo vikuu. Mwaka 2009 Idara na Taasisi ziliunganishwa.

Lakini lipo jambo la kushangaza. Masomo mengine karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi ambaye amecheka, amelia na kusali kwa Kiswahili lazima aeleze mambo ya mahakama au ya udongo kwa lugha ya kigeni. Wapo wasemao kwamba bila Kiingereza vijana watafungiwa milango ya dunia. Wapo wasemao kwamba fikira ya mtu haikomai katika lugha asiyoimiliki. Mabishano hayo hayajaisha, nasi tunaosoma kwa Kifaransa tusiwacheke, kwani ugonjwa wetu ni mmoja.

Katika watu waliolelewa Mlimani yumo Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliyepitia seminari ya Nyegezi kabla ya kupata digrii yake mwaka 1970. Mwaka uliofuata alitoa riwaya yake *Rosa Mistika*, habari ya binti aliyelelewa kwa ukali mno na baba yake. Kwa muda kitabu hicho kilikatazwa mashuleni, lakini baadaye kikasomwa na wengi. Baadaye alifundisha chuoni hapo kwa miaka mingi.

WATU WALIOPITA HAPO

Miaka ya 1960 na 1970 Mlimani palikuwa pahali pa mabishano makali juu ya Afrika. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo, na mwaka 1972 alitoa kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika, kilichosomwa duniani kote. Yoweri Museveni, rais wa Uganda, alikuwa mwanafunzi hapo toka 1967 mpaka 1970. Jakaya Kikwete na John Magufuli, waliokuja kuwa marais wa Tanzania, walipata digrii zao hapo.

Kongo nayo ilikuwa na mtu wake. Ernest Wamba dia Wamba alifundisha historia Dar es Salaam tangu mwaka 1980, akaheshimiwa kwa maandiko yake juu ya demokrasia katika Afrika. Mwaka 1998 aliacha vitabu, akawa kiongozi wa kwanza wa kundi la RCD katika vita iliyoumiza watu wetu wengi. Alifariki mwaka 2020. Hatumtaji kwa kumsifu wala kwa kumhukumu. Ila kila msomi ajue kwamba elimu kubwa haimwondolei mtu hatari ya njia panda. Yampasa kuchagua kila siku, kama mtu mwingine yeyote.

FEDHA, VITANDA NA MADENI

Zamani mwananchi aliyechaguliwa kuingia Mlimani hakulipa kitu: serikali ililipa masomo, chakula na kitanda. Lakini nchi ilipopatwa na shida za fedha katika miaka ya 1980, mambo yalibadilika. Vitanda havikutosha, vitabu vilichakaa, mishahara ya walimu ikapungua nguvu. Mwezi Mei 1990, baada ya migomo, chuo kilifungwa, wala hakikufunguliwa mpaka mwanzo wa 1991.

Mwezi huo huo sisi tulipatwa na msiba mkubwa zaidi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa mabwenini mwao. Idadi ya waliouawa yabishaniwa mpaka leo. Kufungiwa chuo ni hasara. Kumzika mtoto uliyempeleka kusoma ni jambo jingine kabisa.

Baada ya hayo Tanzania iliweka utaratibu wa kuchangia gharama. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo. Kijana asiye na uwezo hukopeshwa, kisha hulipa akiisha kupata kazi. Tangu mwaka 2016 mwenye deni hukatwa sehemu 15 kwa mia za mshahara wake. Msomaji atakumbuka zile sehemu 60 za mwaka 1966. Deni limerudi kwa mlango mwingine! Lakini kuna tofauti. Lile la zamani lilimwambia kijana: «Watumikie watu waliokulipia.» Hili la leo lamwambia: «Lipa fedha, nawe utakuwa huru.» Na kijana aliyelipa shilingi ya mwisho aweza kudhani kwamba hana deni kwa mtu yeyote tena.

Hapo ndipo tunapokataa. Mkopo una hesabu na mwisho wake. Lakini nani ataandika hesabu ya mama aliyeuza mihogo, ya kaka aliyeacha shule ili mdogo wake asome, ya mwalimu wa kijijini aliyefundisha bila kupokea mshahara wake?

NENO LA MWISHO

Kwa wazazi twasema: Msimpeleke mtoto chuo kikuu kama mtu anunuaye ng'ombe kwa ajili ya maziwa tu. Lakini msimfiche pia gharama yake. Mwambieni tangu utoto ni mbuzi gani aliyeuzwa, na shamba gani lililowekwa rehani. Afadhali ajue.

Kwa wanafunzi twasema: Msiridhike na madesa. Ulizeni. Someni kitabu kizima. Na likizo ikifika, shikeni jembe bila haya, kwani mikono iliyoshika kalamu haiharibiki kwa udongo.

Kwa waliokwisha kupata digrii twasema: Kurudi si lazima kuwe kurudi kijijini. Mganga wa Kinshasa anayempokea maskini kwa upole amerudi. Hakimu anayekataa hongo amerudi. Mhandisi anayejenga daraja lisilobomoka amerudi. Lakini aliyejenga nyumba ya ghorofa kwa fedha ya daraja hilo hajarudi, hata kama akaa karibu na kaburi la baba yake.

Hekima ni Uhuru, ndivyo isemavyo nembo ya Mlimani. Nasi twauliza: uhuru wa nani? Ukiwa wa msomi peke yake, basi kijiji kimeliwa chakula chake cha mwisho bure.

Yule bibi aketiye pembeni bado angojea jibu. Rekta hawezi kumpa, wala waziri. Kijana mwenyewe atamjibu, siku atakaposhuka katika basi, akaingia mekoni, na kuketi juu ya kigoda kile kile alichokiacha.